Karafuu zinapopotea kwenye jamvi: utatuzi wa matatizo ya kutenganisha kitu na mandharinyuma kwa rangi

Maski (picha ya nyeusi na nyeupe, ambapo nyeupe ni kitu unachokitaka na nyeusi ni kilichobaki) imetoka nyeusi tupu. Au imechukua karafuu pamoja na jamvi lote. Ukisogeza mpaka huu (namba ya chini au ya juu ya rangi inayokubaliwa), karafuu zinarudi lakini na kivuli nacho kinaingia; ukisogeza ule, kivuli kinatoka na nusu ya karafuu. Anayefanya kazi hii anaweza kupoteza siku nzima akivuta vitelezi, na mara nyingi kosa halimo kwenye vitelezi hata kidogo. Limo kwenye mwanga, kwenye kitambaa kilichotandikwa chini, au kwenye njia picha iliyopitia kabla ya kufika kwenye kompyuta.

Mwongozo huu unafuata dalili moja moja. Mifano ni ya kazi za hapa kwetu Zanzibar: karafuu kavu zilizotandazwa kwenye jamvi Wete au Mkoani, mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani yaliyopigwa picha kwa droni, na khanga zinazopigwa picha za kuuzia mtandaoni. Namba zilizotumika ni za OpenCV, maktaba ya kuchakata picha kwenye lugha ya Python, lakini sababu za matatizo ni zilezile hata ukitumia GIMP (programu ya kuhariri picha) au programu ya simu.

Kabla ya kugusa mpaka wowote: pima

Badili picha kutoka mfumo wa rangi za kamera uende mfumo wa HSV. H ni aina ya rangi (nyekundu, njano, kijani, bluu), S ni ukolevu wake, V ni mwangaza. Kisha chagua vipande vidogo vya picha: vitano juu ya kitu unachokitaka, vitano juu ya mandharinyuma. Usichague vile vizuri tu. Kimoja kiwe kivulini, kimoja kwenye mng'ao, kimoja pembeni kabisa mwa picha. Kwa kila kipande andika namba ya chini na ya juu:

sehemu = hsv[y1:y2, x1:x2].reshape(-1, 3)
print(np.percentile(sehemu, [2, 98], axis=0))

Tunatumia asilimia 2 na 98 badala ya namba ndogo na kubwa kabisa, kwa sababu pikseli (nukta ya picha) moja iliyoharibika isije ikakupotosha.

Sasa weka namba za kitu na za mandharinyuma sambamba. Kama kuna chaneli moja (H, S au V) ambayo hazigusani, mpaka unapita katikati ya pengo hilo. Kama zinapandana kwenye chaneli zote tatu, hakuna mpaka wa chaneli moja utakaozitenganisha vizuri, na hapo dawa ni kurudi kwenye kamera. Hatua hii huchukua dakika kumi, nasi tunaona ni kosa kuiruka, hata kwa aliyezoea.

Dalili: maski ni nyeusi tupu, au imegeuka kinyume

Sababu ya kwanza ni vipimo visivyolingana. GIMP huonyesha H kuanzia 0 hadi 360, na S na V kwa asilimia. OpenCV, kwa picha za kawaida za biti 8, hutumia H 0 hadi 179, na S na V 0 hadi 255. Kwa hiyo rangi uliyoisoma GIMP kuwa H 210, S 60, V 40 ni H 105, S 153, V 102 kwenye OpenCV. Ukiandika 210 moja kwa moja, hakuna pikseli itakayoifikia, na maski itakuwa tupu.

Sababu ya pili ni mpangilio wa chaneli. OpenCV husoma picha kwa mpangilio wa bluu, kijani, nyekundu. Pillow (maktaba nyingine ya picha ya Python) na programu nyingine nyingi husoma nyekundu, kijani, bluu. Ukifungua picha kwa Pillow kisha ukaibadili kwa COLOR_BGR2HSV, nyekundu na bluu zimebadilishana nafasi. Tazama matokeo yake: pikseli ya turubali la bluu yenye nyekundu 40, kijani 100, bluu 160 inapaswa kutoa H 105. Chaneli zikigeuka inatoa H 15, ambayo ndiyo hudhurungi ya karafuu. Na karafuu nayo inahamia upande wa bluu. Maski inatoka safi kabisa, ila imechagua turubali na kuziacha karafuu. Ukiona hivyo, usikimbilie kugeuza maski, tumia COLOR_RGB2HSV.

Dalili: karafuu na jamvi zinachukuliwa pamoja

Hili ndilo tatizo kubwa, nasi tutakaa nalo.

Jamvi lililozeeka na karafuu kavu ni ndugu wa rangi. Jamvi la rangi ya majani makavu huangukia H 15 hadi 28 hivi, karafuu kavu H 5 hadi 15. Jicho linaona tofauti kubwa kwa sababu karafuu ni nyeusi zaidi, yaani tofauti iko kwenye V. Na V ndiyo chaneli inayobadilika kwa kila wingu linalopita.

Kuna jambo la pili, baya zaidi, ambalo wengi hawalijui: kwenye rangi za giza, H haina uhakika. Chukua pikseli mbili zenye rangi ileile ya hudhurungi, moja ang'avu na moja ya giza. Ang'avu: nyekundu 150, kijani 120, bluu 100. Ya giza: nyekundu 30, kijani 24, bluu 20. Zote mbili zinatoa H 12 na S 85. Sasa ongeza 3 tu kwenye kijani, kiasi ambacho chengachenga (makosa madogo ya rangi ya kila pikseli) za kamera ya simu hukifikia bila shida. Ile ang'avu inatoka H 12 kwenda 14. Ile ya giza inaruka kutoka 12 hadi 21, katikati kabisa ya eneo la jamvi. Karafuu kavu ni ya giza. Kwa hiyo ukiiwinda kwa H yake mwenyewe, nusu ya pikseli zake zitakukimbia hata kama mwanga ni mzuri.

Dawa ina sehemu mbili.

Kwanza, badili kinachotandikwa chini. Si lazima kubadili mahali pa kuanikia. Chota sampuli na uitandaze kwenye kitambaa cha bluu kisichong'aa, cha rangi moja isiyo na maua. Bluu huangukia H 100 hadi 115, mbali kabisa na hudhurungi. Turubali la plastiki linafaa kwa dharura, lakini lina mng'ao na mikunjo, na kila mkunjo ni mstari mweupe unaokatiza picha. Kijani hakifai kama karafuu bado mbichi, kwa sababu mbichi zina kijani ndani yake pamoja na uwaridi.

Pili, na hapa ndipo kazi inapobadilika: usitafute karafuu, tafuta kitambaa. Kitambaa ni ang'avu, kimekolea, na kina rangi moja; H yake ni ya kuaminika. Kipate hicho, kisha geuza:

hsv = cv2.cvtColor(picha, cv2.COLOR_BGR2HSV)
kitambaa = cv2.inRange(hsv, (95, 70, 30), (125, 255, 255))
karafuu = cv2.bitwise_not(kitambaa)

Chochote kisicho kitambaa ni karafuu, iwe nyeusi, ya hudhurungi, au iliyopauka baada ya kunyeshewa. Hilo la mwisho ni muhimu: mipaka iliyowekwa kwa kufuata rangi ya karafuu nzuri huziacha zile zilizopauka, na hesabu yako ya ubora inatoka nzuri kuliko mzigo wenyewe. Anayetaka kujua karafuu mbovu ni ngapi hawezi kuanza kwa kuzifuta.

Angalizo moja: ukigeuza maski, kila kilicho nje ya kitambaa nacho kinahesabiwa kuwa karafuu. Kata picha ibaki ndani ya kitambaa kabla ya kuanza.

Dalili: mipaka ilifanya kazi asubuhi, mchana imekataa

Simu hupanga mizani ya weupe (marekebisho ya rangi ili cheupe kionekane cheupe) yenyewe kwa kila picha. Ukijaza fremu kwa kitambaa cha bluu, simu huona bluu imezidi na hujaribu kuipunguza kwa kuongeza njano. Ukisogea kidogo ikaona mchanga au ukuta wa chokaa, inabadili tena. Rangi za karafuu hazikubadilika. Kilichobadilika ni uamuzi wa simu.

Fungua hali ya kitaalamu kwenye kamera na ufunge vitu vitatu: mizani ya weupe kwenye 5500 K kwa jua la wazi, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, na kasi ya shata inayofanya sehemu ang'avu kabisa isifike 255. Zima HDR (kuunganisha picha za mwangaza tofauti) na vichujio vyote vya kurembesha. Kama simu haina hali hiyo, bonyeza na ushikilie kidole kwenye skrini mpaka ijifunge. Hiyo hufunga mwangaza na fokasi, ingawa kwenye simu nyingi haifungi mizani ya weupe.

Kwa hiyo weka pia kadi ya kijivu pembeni mwa kila picha. Soma wastani wa chaneli zake tatu. Ikisoma nyekundu 210, kijani 200, bluu 180, zidisha nyekundu ya picha nzima kwa 0.95 na bluu kwa 1.11, kijani kikae kilivyo. Kadi itakuwa 200 kote, na karafuu zitarudi mahali pake. Karatasi nyeupe ya printa inaweza kusaidia ukikosa kadi, ila karatasi nyingi hutiwa kemikali ya kuzifanya zionekane nyeupe zaidi, nayo hugeuza mwanga wa urujuanimno wa jua kuwa bluu. Juani itakudanganya kidogo.

Na mahali pa kupigia. Chini ya turubali la bluu lililotundikwa kama kivuli, kila kitu kinakuwa bluu, na hakuna kadi itakayorudisha rangi ambazo mwanga haukuzileta. Chini ya mwembe au mkarafuu, mwanga una kijani cha majani na madoa ya jua yanayocheza. Baraza yenye ukuta mweupe, upande usiopigwa na jua moja kwa moja, ni mahali pazuri kuliko vyote.

Dalili: vivuli vinahesabiwa kuwa karafuu

Kivuli cha nje si giza tupu. Jua limezuiwa, lakini anga bado linamulika, na anga ni bluu. Kwa hiyo kivuli kina V ndogo na rangi yake imesogea kuelekea bluu. Kwenye jamvi la njano, hilo linalifanya liwe la kijivu na kuanguka kwenye mipaka ya karafuu. Kwenye kitambaa cha bluu kivuli kinabaki bluu, na hii ni sababu nyingine ya kukipenda. Hapo inatosha kuteremsha mpaka wa chini wa V kutoka 30 hadi 25.

Kama huna budi kufanya kazi kwenye jamvi, jaribu mfumo wa Lab, ambao hutenga mwangaza (L) na rangi (a na b). Kwenye OpenCV, a na b zimeongezewa 128, kwa hiyo kijivu kamili ni 128 na 128, si 0. Lab hupunguza tatizo la kivuli, hailiondoi.

Kinachoondoa kivuli ni shuka jeupe jembamba likishikwa na watu wawili kati ya jua na sampuli. Mwanga unasambaa, vivuli vikali vinayeyuka. Ni kazi ya sekunde chache, na inashinda mistari hamsini ya msimbo.

Dalili: matundu meupe juu ya kitu, au kitambaa chenye mabaka

Huo ni mng'ao. Pale ambapo chaneli zote zimefika 255, picha imeungua na rangi haimo tena. S inaanguka karibu na sifuri, na H inakuwa namba ya bahati nasibu. Usipanue mipaka kuufuata mng'ao, kwa sababu utakaribisha kila kitu cheupe. Punguza mwanga unaoingia kwenye kamera, sogeza pembe ya kamera, au tumia shuka lile. Tundu dogo ndani ya kitu hujazwa baadaye kwa kuchukua mzingo wa nje tu (RETR_EXTERNAL) na kuupaka ndani.

Dalili: nyekundu inakatika nusu

H ni duara, na nyekundu imekaa pale duara linapoungana: kipande kimoja kiko 0 hadi 10, kingine 170 hadi 179. Khanga nyekundu ikipimwa kwa mpaka mmoja hutoka na mabaka kama imeliwa na mende. Tengeneza maski mbili na uziunganishe kwa cv2.bitwise_or. Usichukue wastani wa H kwa rangi hii: wastani wa 2 na 178 ni 90, ambayo ni samawati ya kijani, na haimo kabisa kwenye khanga hiyo.

Dalili: kingo zina ngazi, au ukungu wa rangi

Uliza kwanza picha ilipitia wapi. Picha ya JPEG mara nyingi huhifadhi mwangaza kwa kila pikseli lakini rangi kwa kila mraba wa pikseli mbili kwa mbili. Kwa macho huoni kasoro. Kwa kazi yetu, ambayo ni ya rangi, nusu ya umakini wa picha kwa kila upande umeshaondoka. Ikipitishwa kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa ukubwa na kubanwa tena. Itume kama dokumenti, au ihamishe kwa waya.

Piga hesabu ya ukubwa pia. Kikonyo cha karafuu, yaani mkia wake chini ya kichwa, kina unene wa milimita 3 hadi 4 hivi. Picha yenye upana wa pikseli 4000 ikifunika mita moja ya kitambaa inatoa pikseli 4 kwa kila milimita, yaani kikonyo kina pikseli 12 au zaidi. Picha hiyohiyo ikipunguzwa hadi pikseli 1600, kikonyo kinabaki na pikseli 5, na ukungu wa rangi wa pikseli 2 kila upande hauachi kitu. Tunapendekeza sehemu nyembamba kabisa ya kitu isipungue pikseli 10. Ikipungua, sogea karibu na upige picha nyingi ndogo.

Maski yenyewe ihifadhi kama PNG. Ukiihifadhi JPEG, weusi na weupe wake huzungukwa na pikseli za kijivu ambazo hukuziweka. Na ukiibadili ukubwa, tumia INTER_NEAREST kwa sababu hiyohiyo.

Dalili: chengachenga kila mahali

Kabla ya kubadili picha kwenda HSV, ipitishe kwenye cv2.medianBlur ya 3 au 5. Baada ya maski, fanya ufunguzi (MORPH_OPEN) wa 3 kwa 3 kuondoa nukta za peke yake, kisha ufungaji (MORPH_CLOSE) wa 5 kwa 5 kuziba nyufa. Halafu tumia connectedComponentsWithStats na ufute vipande vyote vyenye eneo dogo kuliko robo ya karafuu moja.

Kosa la kawaida ni kuongeza ukubwa wa ufunguzi mpaka picha iwe safi. Ukifika 15 kwa 15 kwenye picha ya pikseli 4 kwa milimita, umefuta kila kilicho chembamba kuliko milimita 4 hivi: vikonyo vimekatwa, vimebaki vichwa. Maski inapendeza, eneo si la kweli. Chengachenga zikidai ufunguzi mkubwa kuliko 5, rudi kwenye ISO na mwanga.

Mwani kutoka angani

Kilimo cha mwani cha kibiashara kimekuwepo pwani ya mashariki ya Unguja tangu 1989, na droni zimerahisisha kuhesabu mistari ya kamba na kupima eneo lake. (Kibali cha kurusha ni lazima kipatikane kwanza.) Lakini maji yana matatizo yake.

*Mabaka meupe yanayokwenda na droni.* Ni taswira ya jua juu ya maji. Kamera ikitazama chini moja kwa moja, jua likipanda zaidi ya nyuzi 45 hivi linaanza kuingia kwenye fremu. Zanzibar iko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita utosini. Ruka kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa tisa na nusu alasiri. Hapo kuna mgongano: siku za bamvua maji hukauka zaidi karibu saa nne asubuhi, jua likiwa tayari limepanda. Njia ni kuchagua siku moja au mbili kabla ya kilele cha bamvua. Kwa kuwa maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, siku hizo za mwanzo yanakauka mapema, na kina bado kinatosha kuona mwani vizuri. Kichujio cha polaraizi kinasaidia kwenye picha za pembeni, zaidi pembe ikikaribia nyuzi 53 kutoka wima. Kwa picha za chini moja kwa moja hakisaidii kitu.

*Shamba moja, rangi mbili.* Maji hunyonya nyekundu kwanza. Mwani uleule wa hudhurungi ukiwa chini ya nusu mita ya maji na ukiwa chini ya mita mbili hausomi H moja. Wa kina una bluu na kijani zaidi. Usiweke mpaka mmoja kwa shamba zima. Gawa picha kwa kina, vipande viwili au vitatu, na kila kimoja kipimwe upya. Na kama maji yanajaa wakati droni iko hewani, picha za mwanzo na za mwisho hazifanani, kwa hiyo maliza shamba moja ndani ya dakika 20.

*Majani ya bahari yanaingia kwenye maski.* Spinosum (aina ya mwani unaolimwa) ya kijani na majani yanayoota yenyewe chini ya lagoni yana H karibu sawa, na hapa rangi peke yake haitoshi. Kinachotofautisha ni mpangilio: mwani umefungwa kwenye kamba, kamba zimenyooka kati ya vigingi na ziko sambamba. Tumia rangi kupata vyote viwili, kisha bakiza vipande virefu vyenye mwelekeo mmoja.

Khanga na picha za kuuzia

Dalili ya kwanza hapa ni khanga yenye matundu. Mji wake una maua ya kijani, nawe umeitundika mbele ya kitambaa cha kijani. Au kibao cha jina ni cheupe na ukuta nyuma ni mweupe, na jina limekatwa likaondoka na ukuta. Kabla ya kutundika, tazama pindo na mji, kisha chagua kitambaa cha rangi isiyomo kabisa. Kwa duka lenye khanga za kila rangi, vitambaa viwili, kijani na bluu, vinatosha karibu kwa zote. Iliyokataa vyote viwili itenganishe kwa cv2.grabCut: chora mraba kuizunguka, rudia mara 5, kisha jaza matundu kwa mzingo wa nje.

Dalili ya pili ni pindo lenye utepe wa kijani usiokuwamo. Mwanga umegonga kitambaa cha nyuma ukarudi kwenye khanga. Isogeze khanga mita 1.5 hadi 2 mbele ya kitambaa. Kilichobaki kiondoe kwa kupunguza maski pikseli 1 au 2 kuzunguka pande zote, kisha lainisha ukingo kwa pikseli 1. Usipunguze zaidi, pindo la khanga ndilo mnunuzi analolitazama kwanza.

Dalili: hesabu ni ndogo kuliko karafuu zilizopo

Zinagusana, na kompyuta inaona kipande kimoja. Njia ya haraka ni kugawa: pata mediani ya eneo la vipande vya karafuu moja moja (namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa), kisha gawa eneo la kila kipande kikubwa kwa namba hiyo. Njia ya distanceTransform pamoja na watershed hufanya vizuri zaidi kwa vitu vya duara, lakini karafuu ina kichwa na mkia, na mara nyingi huikata moja kuwa mbili. Kwa sampuli ya gramu 50, kuzitandaza kwa mkono zisigusane ni rahisi na sahihi zaidi.

Makonyo (vijiti vilivyoshikilia karafuu mtini) yaliyochanganyika na karafuu hayatoki kwa rangi, kwa sababu yamekauka kwenye jua lilelile na yana hudhurungi ileile. Yatafute kwa umbo, baada ya rangi kumaliza kazi yake ya kuondoa kitambaa: uwiano wa urefu kwa upana, na kama kipande kina kichwa upande mmoja au hakina.

Maski inaonekana nzuri, lakini je, ni sahihi?

Chagua picha 10, nusu za jua na nusu za mawingu. Zichoree maski kwa mkono kwenye GIMP, polepole. Tumia 5 kupanga mipaka, na hizo nyingine 5 usiziguse mpaka umalize. Kisha kwa kila moja gawa pikseli zilizomo kwenye maski zote mbili kwa pikseli zilizomo kwenye yoyote kati ya hizo mbili. Zikiwa 9,000 kwa 10,000, umepata 0.90, na kwa kuhesabu karafuu hiyo inatosha. Kwa kupima eneo la kila karafuu haitoshi, kwa sababu kwenye vitu vidogo karibu kosa lote huwa limekaa ukingoni. Rudi kwenye hesabu ya pikseli kwa milimita. Na kama picha za jua zina 0.93 lakini za mawingu zina 0.70, mipaka yako haina kosa. Mizani ya weupe haikufungwa.